Ni Mimi Niliyecheza Gemu Matangani

Eliza mwanangu,

Shuleni nilifundishwa kuandika barua kwa lugha mbili. Ya Kiingereza ilitaka anwani pembeni na sababu ya kuandika katika mstari wa kwanza. Ya Kiswahili ilitaka salamu ndefu, hali ya wazee, hali ya mvua, ndipo mtu aseme kilichomleta. Leo nachukua kitu kimoja tu kutoka ile ya Kiingereza: sababu. Kesho unaondoka, na kuna uongo humu nyumbani ambao umeubeba wewe kwa miezi mitano. Uongo huo ni wangu.

Mambo ya sabuni, blanketi, na kutomwonyesha mtu kilichomo sandukuni, bibi Tabitha ameshakwambia mara nne. Mimi sirudii. Naandika mchana huu ukiwa umeenda Idsowe kuaga. Mlango nimeufunga, na barua hii nitaitia ndani ya kiatu chako kipya cha shule uikute kesho kabla hujavaa. Ana kwa ana siwezi. Unanijua. Mimi ndiye yule ambaye kanisani akiambiwa asome matangazo anashikwa na kikohozi.

Watu wakisikia nakuita mwanangu wanacheka, maana mimi nina miaka kumi na tisa na wewe kumi na minne. Wacheke. Mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, na mtoto wa dada ni mtoto wangu, kwetu hilo halina maelezo. Alipoolewa Bura, kwa yule mume wa mashamba ya mfereji, mlibaki hapa Garsen, wewe na kaka yako Jillo. Wewe ulikuwa na miaka mitano, mimi kumi. Bibi yako, mama yangu, macho yalikuwa yameisha. Nilikuosha, nikakusuka vibaya, nikakula nusu ya uji wako. Kwa Jillo nilikuwa mama wa jina tu. Tulipishana miaka miwili na kitu, akaniita "we mama" kwa kunizomea, tukapigania mto wa kulalia kama ndugu.

Jillo ndiye aliyetuletea katuni. Zilifika Garsen zimechoka. Zilitoka Nairobi, zikapitia Mombasa, zikasomwa na watu wazima waliojidai wanasoma gazeti, na zilipotufikia sisi kurasa za mwisho zilikuwa zimeshafungiwa karanga. Hakuna hadithi tuliyoijua mwisho wake. Unakumbuka alivyokasirika? "Huyu mtu ananing'inia darajani tangu Pasaka," alisema, "na mimi nimechoka kumwonea huruma." Akachukua daftari la hesabu, akachora kurasa zilizokosekana. Akamwangusha yule mtu mtoni. Na mtoni mlikuwa na mamba, na mamba yule alikuwa amevaa koti jeupe.

Ndivyo alivyozaliwa Dakta Mamba, mganga wa meno wa Garsen. "Fungua mdomo," anamwambia mgonjwa, "nami nafungua wangu." Bango la kliniki yake lilisema: Hakuna mgonjwa wetu aliyewahi kulalamika. Ulicheka mpaka ukajikojolea. Ulikuwa na miaka tisa, usikatae.

Na gemu. Aliipata Malindi kwa kubadilishana na jogoo wa babu, na babu mpaka leo anaamini jogoo yule aliliwa na kicheche. Ile ndogo ya mkononi, ya kijivu, matofali yanashuka na wewe unayapanga yasifike juu. Ukiiwasha inapiga kwanza wimbo wake kwa kelele, na haina kitufe cha kuunyamazisha.

Mwezi wa tisa shule zikafunguliwa. Gemu aliiacha nyumbani kwa sababu shuleni kwao ingenyang'anywa. Lori alilopanda likapigwa risasi njia ya Malindi. Watu wazima walijilaza juu ya magunia. Wavulana watatu wenye sare waliruka wakakimbilia vichakani, na wenye bunduki wakawapiga migongoni, kana kwamba walikuwa na kisa nao. Hawakuwa na kitu cha kuibiwa. Jillo alikuwa na sanduku la bati, vitabu na kaptula mbili. Sitaandika zaidi ya hapo. Mengine unayajua. Uliyaona kabla hatujawahi kukufunika macho.

Nataka kusema habari ya siku ya tatu ya matanga.

Nyumbani kwetu mtu akifa, redio hunyamaza. Babu alitoa mawe mawili, betri za redio yake, kwa mkono wake mwenyewe, akayaweka juu ya kabati, wazi, ili kila mgeni aone kwamba nyumba hii haisikilizi hata habari. Ndivyo alivyofanya bibi yako alipokufa, na yalikaa pale mpaka watu walipotawanyika. Kila aliyeingia kutoa pole aliyaangalia yale mawe kwanza, ndipo akatuangalia sisi. Mimi nikayaiba.

Nilitaka kuona rekodi ya Jillo. Mwezi wa nane alikuwa amefika namba kubwa akaapa hakuna atakayeifikia, si leo, si Krismasi. Mawe yaliyokuwa ndani ya gemu yalikuwa yamechoka, kioo kinaonyesha kwa mbali kama kitu kilicho chini ya maji, lakini kilikuwa kinaonyesha. Ningekiinamisha kwenye mwanga ningeiona. Sikungoja. Nilijifungia chumba cha magunia ya mpunga, nikatoa mawe ya zamani, nikatia ya babu. Gemu ikaanza upya. Rekodi sufuri. Niliifuta mwenyewe, kwa haraka yangu ya kutaka kuiona.

Na wimbo ukapiga. Uani watu wote walikuwa wamefumba macho katika maombi. Ningeweza kuizima. Sikuizima. Tofali la kwanza likashuka, nikaligeuza, likakaa. La pili likakaa. Na kwa mara ya kwanza tangu mwili wake uletwe nilivuta pumzi ikafika chini. Nilifurahi, Eliza. Sikuwa nimemsahau. Nilikuwa naye, nilimsikia akinizomea, "Kulia, we mama, weka kulia! Una macho ya kazi gani?" Nadhani nilimjibu kwa sauti.

Halafu nikasikia miguu. Nikaitupa gemu juu ya gunia, nikatokea mlango wa nyuma. Sikujua kwamba wewe ulikuwa umelala nyuma ya magunia yale, umechoka kulia. Kelele ikakuamsha, ukaiokota. Bibi Tabitha, dada yake babu, akakukuta nayo mkononi.

"Udongo haujakauka juu ya ndugu yako," akasema, "na wewe unacheza? Una roho ya nini, mtoto wewe?"

Mimi nilikuwa nimeshazunguka nyumba, nimesimama nyuma ya mlango na wanawake wengine, kanga kichwani, msafi kama malaika. Ukanitazama. Ukasema, "Ni mimi, bibi. Nisamehe." Kofi likalia. Wanawake wakasema maskini, mtoto hana uchungu. Na mimi nikasema nao. Nilisema, "Ni utoto." Hayo ndiyo maneno yangu yote ya siku ile.

Jioni babu akaamuru katuni zichomwe, kwamba ndizo zilizokuharibu. Akanipa mimi kazi, maana mimi ni mtulivu. Madaftari saba. Ningeweza kuficha hata moja ndani ya kanga. Niliogopa wataniuliza neno, nikajibu, wakajua. Kwa hiyo nilichoma yote saba, moja moja. Ukurasa mmoja ulikunjuka ukiungua, Dakta Mamba anamshauri kiboko apige mswaki kwa ufagio wa choo. Nikacheka. Nimesimama mbele ya moto, naangamiza mkono wa Jillo, na bado alinichekesha.

Tangu siku ile umekuwa na jina. Mtoto asiye na uchungu. Nimelisikia kisimani, nimelisikia kanisani. Mama yako alirudi Bura akiliamini. Na hukuwahi kuniuliza. Hata mara moja. Siku nyingine nilitamani unitukane.

Nimefikiri sana juu ya jambo moja, na naomba uniruhusu nikasirike kidogo. Waliopiga risasi, hakuna aliyewauliza kitu. Hatujui majina yao, hatujui walikula nini jioni ile. Wewe uliulizwa mara sita kuhusu mawe mawili ya redio. Wazee walikaa kikao juu ya madaftari ya picha. Najua kwa nini. Mamba wa kuchora anafikika. Unaweza kumshika, ukamchoma, ukahisi umefanya kitu kwa ajili ya watoto waliokufa. Siwachukii kwa hilo. Lakini siwakubalii tena.

Sasa nikwambie jingine ambalo hulijui. Wakati wa sikukuu ya Krismasi nilienda kwenye kile kibanda cha video karibu na soko, chenye jenereta. Mimi, mwenye kikohozi. Mle ndani wavulana tupu, wamejazana mbele ya televisheni wanacheza gemu ya kupiga risasi. Mmoja akageuka.

"Dada, jiko liko upande ule!"

"Muacheni, labda amekuja kufagia."

"Atulipue na mwiko!"

Mwenye kibanda, Abdi, yule mwenye ndevu za rangi ya hina, akawaambia, "Mpeni zamu. Akishindwa mtamcheka, kwani mna haraka gani?"

Nilitoa jasho mpaka kile kishikio kikateleza. Lakini nilikaa. Watu wadogo wa rangi wakatokea nyuma ya kuta, nikawapiga, wakaanguka, wengine wakatokea. Niliwashinda wale wavulana watatu mfululizo, na yule wa jiko akaniita "madam" kwa heshima kabisa. Nilipotoka nilitapika nyuma ya jenereta. Nilikuwa nimefurahia kupiga risasi, mimi, baada ya yote yale. Nilijiuliza kama na mimi ni mmoja wao.

Kesho yake nikarudi.

Jibu ninalo leo, nusu tu. Mle kibandani aliyeanguka anasimama. Unabonyeza, anasimama, vumbi hana. Nilikaa pale siku nzima naangalia watu wakisimama. Labda ndicho nilichokifuata. Wavulana wawili waliokuwa pembeni yangu walikuwa darasa moja na Jillo. Kila wakiingia walisema, "Hii ya Jillo," wakacheza zamu moja ya ziada kwa jina lake, halafu wakabishana nani ameicheza vibaya. Hakuna aliyefumba macho, na jina lake lilitajwa kuliko kule kanisani. Sisemi maombi ni bure. Nasema na kibandani pia alikaliwa matanga.

Nimekosea mengi na wewe, lakini hili ndilo ninalolijutia kuliko yote. Nilikufundisha, bila kusema neno, kwamba furaha inafichwa nyuma ya magunia. Kwamba mtu mwenye huzuni ya kweli ana sura moja tu. Nilikuwa nayo hiyo sura. Nilikuwa bingwa wa sura. Watu walinisifu, "Huyu Loise ameumia, tazama hali yake," na wakati huo nakupisha ule kofi langu. Kwa hiyo ukikutana huko na mtu anayejua kuhuzunika vizuri mbele za watu, umpe pole, lakini usijilinganishe naye. Hujui ameacha nini juu ya gunia.

Jumamosi nilipokuwa nakufungia sanduku, atlasi ikafunguka. Kati ya Afrika na Asia umemchora. Koti jeupe, bango, meno yote. Umemwongezea na miwani, ambayo Jillo hakumpa, na inamkaa. Nilikaa chini. Nilidhani nilimmaliza kwa moto ule, na wewe miezi yote mitano ulikuwa naye ndani ya jiografia. Mgonjwa uliyemchora ni mtu mwenye bunduki, ameshikilia shavu, anaomba aondolewe uchungu, na Dakta Mamba anamwambia, "Keti, tumekuwa tukikungoja." Sijui kama ni katuni ya kuchekesha. Nilicheka hata hivyo. Ni bora kuliko zote za Jillo, na yeye angekuwa wa kwanza kukasirika kwamba umemshinda.

Wewe asiye na uchungu! Nani mwingine nyumba hii amewaangalia wale watu machoni?

Kwa hiyo mchore. Mchore shuleni, mchore wakati wa maombi ya bweni kama lazima. Ukipata gemu, cheza mpaka kidole kife ganzi. Ukiona katuni ambayo inakuchekesha siku ileile ambayo ni ya kumkumbuka Jillo, cheka siku ileile. Kama waliopiga risasi walitaka watoto wa njia hii wakae kimya na kuangalia miguu yao, basi mimi nimewafanyia kazi hiyo bure kwa miezi mitano, na nimeacha kazi.

Njia ni ileile, najua. Basi litaondoka na askari, na sitajidai kwamba hilo linanituliza. Hasira haikingi risasi. Nakuruhusu uogope. Nimekuona ukijifunza majina ya vituo vyote mpaka Malindi, moja moja, ili ujue umebakiza vingapi. Mimi pia nitakuwa navihesabu hapa.

Nasikia baiskeli ya babu uani. Bibi Tabitha yuko jikoni, anakuna nazi ya chakula chako cha kuagwa. Nilikuwa nimepanga kukwambia wewe tu, kwenye karatasi, halafu babu nimwambie ukishaondoka. Nimeusoma mpango huo sasa hivi, na ni uleule wa kutokea mlango wa nyuma.

Ngoja.

Nimerudi.

Nilimkuta babu anavua viatu. Nikasema, "Baba, siku ya tatu ya matanga, aliyechukua mawe yako ni mimi. Aliyecheza ni mimi. Eliza alikuwa amelala." Kikohozi kilikuja nikakimeza. Alikaa na kiatu kimoja mkononi. Nilidhani ataniuliza habari ya mawe. Akasema, "Ukamwacha mtoto apigwe?"

Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Ukasimama?"

"Nilisimama."

"Mimi nimemwita mtoto yule jiwe," akasema. "Mbele ya mama yake." Akavaa kile kiatu tena kana kwamba anakwenda mahali, halafu hakwenda. "Kamwambie shangazi yako mwenyewe. Mimi simwambii."

Nikaenda jikoni. Nilisema yote mara moja, kama dawa. Bibi Tabitha aliacha mbuzi ya nazi, akafuta mikono kwenye leso.

"Lile kofi lilikuwa lako?"

"Lilikuwa langu, shangazi."

"Basi sogea."

Nikasogea. Na Mungu amempa mkono mama yule! Nimezabwa, Eliza. Nazi imenibaki mpaka sikioni. Halafu akaketi kwenye mbuzi yake, akalia, si kwa sauti, akisema tu, "Mtoto mdogo vile. Mtoto mdogo vile." Sikujua kama anakusema wewe au Jillo. Nadhani na yeye hakujua.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza, mtu mtulivu kama mimi. Sikunyamaza. Nikamwambia, "Na bado nitacheza, shangazi. Na Eliza atachora. Ukitaka nizabe tena."

Akanitazama kana kwamba mtu mwingine ameingia jikoni. "Toka hapa," akasema, "unanimwagia tui."

Usidhani yamekwisha. Babu hajatoka chumbani, na kile kiapo anachotaka ule kabla hujaondoka kiko palepale. Kesho kabla ya maombi ya safari atakuuliza mbele ya wote kama unaacha katuni na michezo, na wajomba watakuwepo, na wengi wao hawatakuwa wamesikia habari ya jioni hii. Watasikia. Nitaisema tena, wote wakiwa wamefumbua macho. Kuhusu kiapo, sikwambii ujibu nini. Umejibu peke yako muda wa kutosha. Nakwambia tu kwamba hutanitafuta nyuma ya mlango. Nitakuwa nimesimama pale ulipo, bega kwa bega, na atakayetaka kukupiga itabidi aanze na mimi, shavu moja tayari limeshazoea.

Mama yako mdogo,
Loise